Itifaki ya awamu ya kwanza kwa saratani adimu za damu: kalamu nyekundu niiweke wapi?

Mkaguzi_Mlandege

Assalaam alaykum wanabarza. Swali hili ni kwa wanaojua majaribio ya dawa. Tuchukue itifaki ya awamu ya kwanza: dawa ya vidonge, haijawahi kuingia mwilini mwa binadamu. Wanaotafutwa ni wagonjwa ambao dawa za kawaida zimewashinda, wenye lukemia kali, mastositosisi ya mwili mzima (chembe za masti, zinazohusika na mzio, zimezidi mwilini) au lukemia sugu ya eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu). Matibabu yanatolewa hospitali kubwa Dar, lakini watu wa Unguja na Pemba wanaruhusiwa kuingia, na baadhi ya damu itachukuliwa huku huku visiwani.

Mambo matatu yananitatiza. Mpango wa kupandisha dozi umeandikwa "3+3" bila maelezo yoyote. Halafu kuna sentensi isemayo kushuka kwa chembe za damu hakutahesabiwa kuwa madhara ya dawa. Mimi naiona kama ujanja wa kuficha sumu. Na orodha ya vipimo vya kuingilia imenakiliwa vile vile ilivyotoka Ulaya. Naomba jawabu za kukagulia, si za darasani.

Mizani_ya_Dawa

Wa alaykum salaam. Kabla ya 3+3, rudi ukurasa wa dozi ya kuanzia. Kwa vidonge vya saratani, mwongozo wa kimataifa wa ICH S9 unakubali moja ya kumi ya dozi iliyowadhuru vibaya panya 10 kati ya 100, ikishageuzwa kwa eneo la ngozi na si kwa uzito. Ikiwa mbwa au nyani ndio walioonekana kuathirika zaidi, huchukuliwa moja ya sita ya dozi kubwa kabisa ambayo haikuwadhuru vibaya. Hesabu hiyo iandikwe wazi, mnyama gani, miligramu ngapi, imegeuzwaje. Ukikuta "dozi ya kuanzia ni mg 20" na hakuna njia iliyowafikisha hapo, irudishe.

Kwa dawa zinazoamsha kinga ya mwili hesabu hiyo haitoshi. Machi 2006, hospitali ya Northwick Park, London, wanaume 6 wenye afya walipewa TGN1412 kwa dozi iliyokuwa moja ya 500 ya ile iliyoonekana salama kwa nyani. Saa chache baadaye wote 6 walikuwa taabani, viungo vinashindwa kazi. Walichomwa mmoja baada ya mwingine kwa dakika chache tu, kwa hiyo wa kwanza alipoanza kuumwa wenzake walikuwa wameshapata. Tangu hapo itifaki nzuri husema mgonjwa wa kwanza wa kila dozi mpya aangaliwe muda gani kabla ya wa pili kuanza. Tafuta sentensi hiyo hata kwenye itifaki ya vidonge.

Sasa 3+3. Wagonjwa 3 wanapewa dozi moja na kuangaliwa mzunguko wa kwanza, kwa kawaida siku 21 au 28. Asipodhurika hata mmoja kwa kiwango kilichoandikwa, dozi inapanda. Akidhurika 1, wanaongezwa 3 wengine. Ikibaki 1 kati ya 6, inapanda. Wakifika 2, kupanda kumekwisha, na dozi ya chini yake ndiyo inayochukuliwa kuwa ya juu kabisa inayostahimilika, ikishathibitishwa kwa watu 6.

Udhaifu wake unaonekana ukipiga hesabu. Chukua dozi ambayo kwa kweli inadhuru watu 3 kati ya 10. Nafasi ya watatu wa mwanzo kusalimika wote ni 0.7 × 0.7 × 0.7, yaani 34%. Jumlisha njia ya pili, ya mmoja kudhurika kisha watatu wa nyongeza kupita salama, unapata 49%. Dozi kama hiyo inapita karibu mara moja kwa kila mbili. Hata inayodhuru nusu ya watu inaweza kupita, kwa nafasi ya 17%. Wagonjwa 6 ni wachache, basi, wala si kosa la mtu. Ndiyo maana siku hizi wengi wanatumia BOIN, mpango wa kupandisha dozi kwa hesabu za takwimu: wakilenga madhara kwa 30% ya watu, wanapanda ikiwa waliodhurika hawazidi karibu 24% na wanashuka wakifika karibu 36%. Uzuri wake ni kwamba jedwali lote linachapwa kabla mgonjwa wa kwanza hajameza kidonge. Waulize kwa nini hawakuitumia.

Kwa maradhi adimu kuna mzigo mwingine. Kupata wagonjwa 3 wa mastositosisi kunaweza kuchukua miezi, na wa dozi za mwanzo wanapewa kiasi ambacho pengine hakiwezi kuwafaa. Katika jaribio la imatinibu, dawa ya lukemia sugu ya mieloidi, lililoanza 1998, dozi zilianzia mg 25 kwa siku, na kati ya wagonjwa 54 waliopewa mg 300 au zaidi, 53 hesabu ya damu ilirudi kawaida. Waliokuwa ngazi za chini hawakuwa na bahati hiyo. Suluhisho lake ni kuanza na mgonjwa mmoja mmoja kwa kila ngazi mpaka yatokee madhara ya daraja la 2, yaani ya wastani, kisha ndipo mgeukie watatu watatu. Tena itifaki iruhusu aliyeanzia chini kupandishwa yeye mwenyewe ngazi ya juu ikishaonekana salama. Sentensi hiyo ikikosekana, kalamu nyekundu.

Na siku 28 zisikulaghai. Ponatinibu, dawa nyingine ya lukemia, ilipita awamu ya kwanza kwa mg 45, ikaruhusiwa Marekani Disemba 2012, na Oktoba 2013 mauzo yakasimamishwa kwa sababu mishipa ya damu ya wagonjwa ilikuwa inaziba. Ilirudi na masharti, na utafiti wa baadaye ukaonesha kwamba unaweza kuanza na mg 45 kisha ukashuka mg 15 ugonjwa ukishatulia. Madhara hayo yalihitaji miezi ili yajitokeze. Itifaki iseme madhara ya mzunguko wa pili na kuendelea yataingia vipi katika kuchagua dozi ya mwisho.

Uboho_Chake

Nichukue lile la pili, la chembe za damu, maana hapo ndipo saratani za damu zinapoachana na saratani ya titi au ya ini.

Si ujanja, Mkaguzi, ila unaweza kugeuka ujanja. Mwenye lukemia kali anakuja tayari nyutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu) 300 na chembe sahani (za kugandisha damu) 15,000 kwa mikrolita, kwa sababu uboho umejaa ugonjwa. Ukihesabu daraja la 4, yaani nyutrofili chini ya 500 au chembe sahani chini ya 25,000, kila mtu atakuwa "amedhurika" siku anayoingia na dozi haitapanda aslan. Kwa hiyo huwekwa sharti jengine: chembe zikiwa bado chini siku ya 42 na uboho ukikutwa hauna lukemia, hapo dawa ndiyo iliyoua uboho na inahesabiwa. Soma tena sentensi yako. Ikiishia "hakutahesabiwa" bila siku ya 42 na bila kipimo cha uboho, wewe ndiye uliye sahihi.

Kosa jengine limo humo humo. Itifaki hiyo imechanganya maradhi. Mwenye mastositosisi mara nyingi huingia na hesabu nzuri ya damu. Kwake chembe sahani zikianguka kutoka 180,000 hadi 20,000 hilo ni tendo la dawa, na lihesabiwe. Zinahitajika fasili mbili za madhara, moja kwa kila kundi. Kwa avapritinibu, dawa ya mastositosisi, wagonjwa wenye chembe sahani chini ya 50,000 walitokwa na damu kichwani zaidi ya wengine. Sasa wa namna hiyo hawapewi, na dozi ya mastositosisi kali ikawa mg 200 badala ya 300.

Dharura nazo zitajwe kwa jina na kwa saa. Ya kwanza ni kuyeyuka kwa uvimbe kwa ghafla: chembe zinakufa kwa pamoja, potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki zinapanda, kalsiamu inashuka, figo zinagoma na moyo unaweza kusimama. Venetoklaksi ndiyo iliyotufundisha. Katika majaribio ya mwanzo kwa lukemia sugu ya limfu walianza na dozi kubwa na kuipandisha kwa wiki 2 au 3. Wagonjwa 10 kati ya 77 walipata hali hiyo na 2 wakafa. Baadaye wakaanza na mg 20, kisha 50, 100, 200, 400, wiki kwa wiki, kwa maji ya lita 1.5 hadi 2 kwa siku na alopurinoli, ya kuzuia asidi ya yuriki, iliyotangulia, hali hiyo ikashuka hadi karibu 2%. Damu ipimwe kabla ya dozi, saa 6 hadi 8 baada yake, na saa 24. Ikiwa maabara yenu inafungwa saa tisa alasiri, kipimo cha saa 8 kitafanywa na nani? Liandike kama lilivyo.

Ya pili ni ukomaaji wa ghafla wa chembe za lukemia, unaoletwa na dawa zinazozilazimisha kukua. Homa, pumzi fupi, uzito kuongezeka, miguu kuvimba, mapafu meupe kwenye picha. Kwa daktari wa zamu ni nimonia tupu. Matibabu ni deksamethasoni (steroidi inayotuliza kinga ya mwili) mg 10 mshipani kila saa 12 tangu shaka ya kwanza, bila kungoja uhakika, pamoja na dawa za vijidudu. Ya tatu, mishipa kuvuja maji, inajulikana sana kwa tagraksofuspu inayotibu BPDCN, saratani adimu ya damu. Katika jaribio lake la wagonjwa 47, 2 walikufa kwa kuvuja huko. Kwa sababu hiyo albumini, protini ya damu, lazima iwe gramu 3.2 kwa desilita au zaidi kabla ya kuanza, na mgonjwa anapimwa uzito kila siku ya dawa, kilo 1.5 za ghafla zinatosha kuchukua hatua.

Sasa yale ambayo Ulaya hawakuyaandika, na hapa nitakaa kidogo.

Deksamethasoni na minyoo. Strongiloidi ipo kwetu, Unguja na Pemba, na inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Mpe mwenye nayo dawa hiyo kwa siku chache, mabuu yanazaana, yanatoboa utumbo na kubeba vijidudu hadi kwenye damu. Kwa asiyekuwa na nyutrofili hicho ni kifo. Kipimo cha kawaida cha choo hakiioni vizuri, wala kile cha slaidi kinachotumika kuhesabu mayai, kwani mnyoo huyu hutoa mabuu. Takeni njia ya Baermann, au kipimo cha kingamwili. Usitegemee eosinofili, zinaweza kuwa zimefutwa na ugonjwa. Wala mtu asiseme "alikunywa dawa za minyoo skuli": dozi moja ya albendazoli ni dhaifu kwa mnyoo huyu. Mimi sioni haja ya kubishana na maabara. Mgonjwa apewe ivermektini mcg 200 kwa kilo, yaani mg 12 kwa mtu wa kilo 60, irudiwe baada ya wiki 2, na ya kwanza itangulie dozi ya utafiti. Wenye shaka na maingiliano ya dawa waseme, lakini wasimwache.

Minyoo hiyo hiyo inaharibu kundi lenu la tatu. Lukemia sugu ya eosinofili inaanza kufikiriwa eosinofili zikiwa zaidi ya 1,500 kwa muda mrefu. Huku kwetu minyoo na kichocho hufanya hivyo kila siku ya Mungu. Mgonjwa asisajiliwe bila ushahidi wa chembe zenyewe: uboho, au mabadiliko ya jeni kama FIP1L1-PDGFRA. Na akikutwa na hilo, imatinibu mg 100 kwa siku inamtosha vizuri sana. Kumwingiza awamu ya kwanza kabla ya kumpa hiyo ni dhulma.

G6PD. Rasburikesi, inayoteremsha asidi ya yuriki, inapasua chembe nyekundu za mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda, na upungufu huo ni mwingi pwani hii. Kipimo kifanywe kabla mgonjwa hajaongezewa damu. Ukishaongeza unampima aliyetoa damu. Homa ya ini B vile vile: HBsAg (kipimo cha kirusi chenyewe) na kingamwili ya kiini cha kirusi kabla ya kuongezewa.

Mwisho, nyutrofili. Sharti la "1,500 au zaidi" kwa mastositosisi litawafungia mlango watu wazima wenye afya ya uboho. Wengi wenye asili ya Afrika hawana alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu na nyutrofili zao za kawaida zinaweza kuwa 1,000 hadi 1,500, wala hawaugui kwa hilo. Ombeni 1,000.

Mkaguzi_Mlandege

Dk. Uboho, Mungu akulipe. Sentensi inaishia "hakutahesabiwa", nukta. Hakuna siku ya 42. Kuhusu damu: wanataka mirija 9 siku ya 1 na 9 tena siku ya 15, kila mmoja ml 4, kwa kupima kiwango cha dawa. Siku ya 15 inaruhusiwa kuchukuliwa Pemba. Inawezekana?

Friza80

Inawezekana, lakini kaguzi nne kabla ya kusema ndiyo.

Hesabu ya damu yenyewe kwanza. Mirija 18 kwa ml 4 ni ml 72. Ongeza potasiamu na wenzake, tuseme ml 5 mara 10, na hesabu kamili ml 3 mara 8. Umefika ml 146 ndani ya mwezi kwa mtu mwenye himoglobini 7. Omba mirija ya ml 2. Mashine za siku hizi zinahitaji plazma kidogo sana.

Muda. Kabla ya dozi, nusu saa, saa 1, 2, 4, 6, 8, na kuendelea. Kinachoharibu matokeo si kuchelewa dakika 7, ni kuandika saa iliyopangwa badala ya saa ya kweli. Mtaalamu wa hesabu anaweza kutumia "saa 2 na dakika 7". Hawezi kutumia uongo. Damu isitoke kwenye mrija ule ule uliopitishia dripu.

Kuzungusha. Mrija ukae kwenye barafu ya maji, uzungushwe ndani ya dakika 30, mara nyingi kwa 1,500 g, dakika 10, nyuzi 4. Angalia herufi: g si mizunguko kwa dakika. Ukiweka "1,500" kwenye mashine ndogo inayosoma mizunguko, plazma haitengani, na chembe zikibaki ndani zinapasuka kwenye friza. Plazma igawanywe mirija miwili midogo, mmoja usafiri na mmoja ubaki mpaka wa kwanza ujulikane umefika.

Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Hapa visiwani hakuna anayehitaji kukumbushwa Mei 2008, umeme wa Unguja ulipokatika karibu mwezi mzima, wala Disemba 2009 hadi Machi 2010. Friza iliyojaa na kufungwa inajishikilia saa chache tu, na iliyo nusu tupu inapoteza upesi zaidi. Itifaki itaje jenereta, mafuta ya siku ngapi, nani anapigiwa simu kengele ikilia usiku, na sampuli zihamie friza gani. Kusafirisha ni kwa barafu kavu, na boksi moja hula kilo 2 hadi 5 kwa siku. Weka ya siku tatu kwa safari ya siku moja. Boksi lisifungwe bila tundu la hewa, gesi italipasua, na nahodha wa boti ajulishwe mapema. Nje liwe na alama UN3373 (sampuli za kibiolojia) na UN1845 (barafu kavu).

Kuhusu potasiamu aliyoitaja Dk. Uboho: mrija uliokaa kwenye gari juani kutoka Wete hadi Chake unaweza kusoma 6.8 wakati mgonjwa ana 4.2, kwa sababu chembe zimepasuka. Ukiona plazma nyekundu, usianze kumtibu mtu kwa kosa la mrija, chukua tena. Na aliyepewa rasburikesi, mrija wa yuriki uende kwenye barafu papo hapo, maana dawa inaendelea kula asidi ndani ya mrija na utasoma ndogo kuliko ilivyo.

Malaria ikijitokeza, mpe mseto kama kawaida.

Mizani_ya_Dawa

Hapo nakupinga, Friza. Mseto wa artemetha na lumefantrini unavunjwa na kimeng'enya cha ini CYP3A4, njia ile ile ya vidonge vingi vya saratani, na lumefantrini inaweza kurefusha muda wa QT wa moyo, kipande cha picha ya umeme wa moyo ambacho kikirefuka mapigo yanaweza kuvurugika. Ikiwa dawa ya utafiti nayo inarefusha QT, umeziweka mbili pamoja. Umeme wa moyo upimwe mara tatu mfululizo, dozi ya utafiti isimamishwe, kisha tibu. Malaria kali ni atesunati ya sindano, haina shida hiyo. Flukonazoli inapandisha kiwango cha dawa nyingi za njia hiyo, rifampisini inakiteremsha hadi pengine kisibaki kitu. Balungi nalo limo, tena limo kweli. Liandikwe kwa jina hilo, si "tunda la jamii ya machungwa".

Bi_Ridhaa

Nitaongeza la fomu na la safari.

Fomu nyingi huandika "dawa mpya ya kutibu". Futa. Andika: "Tunatafuta dozi ambayo mwili unaistahimili. Hatujui kama dawa hii itakusaidia. Watu wa mwanzo wanapewa kidogo, na huenda kikawa kidogo mno kukufaa." Kisha mgonjwa asimulie mwenyewe, mbele ya shahidi asiye wa utafiti, amefahamu nini. Akisema "nitapewa dawa yenye nguvu zaidi", hajafahamu, rudieni. Aulizwe peke yake pia, maana mbele ya mjomba na wazee wa ukoo ni wachache wanaosema hapana.

Waulizeni habari za habasoda, mwarobaini, kombe na dawa za mitishamba bila kukunja uso. Ukimkaripia atakunywa na hatasema, na ini likipanda mtailaumu dawa ya utafiti. Mwezi wa Ramadhani nao: lita 2 za maji kwa siku na kufunga haviendi pamoja. Mgonjwa ana ruhusa ya dini, lakini asikie hilo kabla ya kusaini, si siku ya tatu ya kunywa vidonge.

Homa. Joto la 38.3 mara moja, au 38.0 kwa saa nzima, na nyutrofili chini ya 500, dawa ya vijidudu iingie mshipani ndani ya dakika 60. Kipimo cha malaria kifanywe, ila dripu isikingojee. Mtu wa Micheweni hafiki Dar kwa dakika 60, na kusi likivuma boti huahirishwa. Kwa hiyo mzunguko wote wa kwanza mgonjwa na mlezi mmoja walale karibu na hospitali, kwa gharama ya mfadhili: nyumba, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, na nauli ya kurudi hata akijitoa siku ya pili. Siku ya 15 Pemba naiona ni ya mzunguko wa pili, si wa kwanza.

Na ruhusa. Afya si jambo la Muungano. Kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa ya Bara, na cha kamati ya maadili ya Bara havigusi damu inayochukuliwa Chake. Kwa huku mnahitaji Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar na kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, pamoja na mkataba wa kusafirisha sampuli unaotaja zitakaa wapi, miaka mingapi, na nani ataziteketeza.

Mkaguzi_Mlandege

Nimeziona zote. Moja tu kwa Friza80: kwenye lebo ya mrija wameweka jina la mgonjwa na tarehe ya kuzaliwa.

Friza80

Namba ya utafiti tu, namba ya mzunguko, siku, saa iliyopangwa, na nafasi tupu ya saa ya kweli. Kalamu iwe isiyofutika kwa spiriti, na lebo ibandikwe kabla mrija haujapoa. Ukibandika juu ya umande itabaki ndani ya friza na mrija utatoka bila lebo.